Mchele wa mafuriko umeshaliwa, tuongee mwaka wa pili

Assalaam alaykum wapendwa.

Ikishaingia Rajabu simu yangu haipumziki. Watu wanauliza zaka yangu niipeleke wapi, niitoe kwa mpigo au kidogo kidogo, inafaa kuchimbia kisima, inafaa kuwapelekea waliokumbwa na mafuriko, au nimpe tu shangazi yangu anayehangaika kijijini. Mimi ni mhazini wa darsa letu la kina mama huku Mbagala, nashika daftari la michango na kufuatilia hela imefika wapi, na yanayohusu hukumu huwa namuuliza maalim wetu kabla sijafungua mdomo. Ila kuna jambo moja linaniuma siku nyingi na leo nalitoa: sisi Waislamu kwenye janga tunatoa sana mashallah, tunatoa mpaka unafurahi mwenyewe, lakini janga likishapita mwezi tu tumeondoka wote, na yule tuliyemlisha tunamwacha palepale maji yalipomkuta, wakati dini yetu imeshaweka fungu la siku ya janga, na fungu la siku zinazofuata, na hata fungu la wajukuu wa huyo mtu.

Chukua Rufiji. Aprili 2024, Ramadhani inaishia ishia, mto ukafurika Rufiji na Kibiti, mashamba ya mpunga na mahindi yakamezwa, Muhoro watu wakawa wanapita na mitumbwi katikati ya nyumba. Huku Mbagala hiyo haikuwa habari ya kwenye tivii, maana mitaa yetu imejaa Warufiji na Wandengereko, kila nyumba ina bibi au mjomba kule, na magari ya Kibiti na Ikwiriri yanapakia Rangi Tatu hapo hapo. Basi grupu letu la WhatsApp likawaka, lipa namba ikabandikwa, elfu mbili, elfu tano, laki, kuna dada anauza vitumbua akaleta mauzo yake ya siku nzima kwenye kimfuko cha nailoni akasema hizi zote. Fuso ikajaa mchele, unga, maharage, mafuta ya kula, sukari, magodoro, maturubai, neti, madera na khanga, na kina mama wakasimama kidete lazima ziwepo pedi na ndoo na dawa ya kutibu maji, kwa sababu hivyo vitu wanaume wakipanga orodha peke yao huwa vinasahaulika.

Tukashusha mzigo, watu wakapanga mstari, mambo yakaenda vizuri alhamdulillah. Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya ndoo aliyoipindua, fungu lake amelipokea limewekwa miguuni. Nikamwamkia shikamoo babu, akaniitikia marahaba mwanangu, akatuombea dua ndefu sana kisha akasema, mchele huu tutakula na Mungu atawalipa, lakini maji haya yatashuka tu, yakishuka ardhi inabaki na unyevu wake, hapo ndo tunapopanda mlau, na mbegu zangu zote zimekwenda na maji, ukirudi mwanangu niletee mbegu.

Kwa wasioijua Rufiji, mlau ni kilimo cha baada ya mafuriko. Maji yakianza kurudi mtoni watu wanayafuata nyuma nyuma wanapanda mahindi na kunde na maboga kwenye tope ambalo bado bichi, hawasubiri mvua. Kule mto kufurika sio laana, ndo mbolea yao tangu mababu, ndo maana hata baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilipowahamishia watu juu kwenye vijiji vya ujamaa waliendelea kushuka bondeni kulima na kujenga madungu yao ya kulalia shambani wakifukuza nguruwe. Kinachoua ni maji yakija makubwa kupita kiasi yakabeba na mbegu na jembe na kuku na akiba yote. Sasa mlau una muda wake, ardhi ikishakauka basi, umekosa mpaka mwakani. Mahindi eka moja inataka kama kilo 8 mpaka 10 za mbegu. Piga hesabu mwenyewe hapo, mfuko mmoja wa mbegu ukifika kwa wakati unalisha nyumba kwa miezi, na mfuko wa mchele unalisha wiki chache. Simaanishi mchele usipelekwe, mtu mwenye njaa leo humwambii subiri mahindi yakomae. Nasema fuso ya kwanza ikitoka, fuso ya pili iwe imeshapangiwa tarehe, na tarehe hiyo aipange mkulima, tusiipange sisi kwa kuangalia vidio inasambaa au imepoa.

Hapa ndo watu huniambia, lakini dada, zaka si ni kulisha masikini, mbegu na nyavu si mambo ya miradi? Hapana jamani. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja watu wanane: mafukara, masikini, wanaoikusanya na kuigawa, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeharibikiwa. Imetaja watu, haijataja unga. Na kwenye madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndo ya pwani yote hii, Imamu Nawawi ameandika wazi kwamba fukara mwenye ufundi apewe cha kununulia vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji unaolingana na biashara yake, akatoa na mifano kabisa, muuza mboga anatosheka na dirhamu chache tu ila sonara anaweza kuhitaji maelfu. Siku maalim alipotusomea hapo darasani kina mama walinyamaza kimya, halafu mmoja akauliza, kwa hiyo mvuvi naye apewe mtumbwi? Maalim akasema naam, na nyavu zake. Na imepokewa kutoka kwa sayyidna Umar kwamba mkitoa basi tajirisheni, yaani mpe kiasi ambacho mwakani hatarudi kupanga mstari.

Linganisha na tunavyofanya. Mtu ana zaka ya laki tatu, anaichenji noti za elfu tano anagawia watu sitini getini kwake, watu wanakanyagana toka alfajiri, bibi wa miaka sabini anasukumwa na vijana, na jioni ile elfu tano imeshaisha kwenye mkate na nauli. Laki tatu hiyo hiyo kwa mama mmoja ambaye cherehani lake limeoza kwa maji, au kwa kijana aliyefiwa na pikipiki yake na ana deni la mkopo juu, inamsimamisha. Tena mwenye deni ametajwa kwenye aya kwa jina lake kabisa. Najua kugawa kwa wengi kunampa mtoaji moyo mkunjufu, anaona nyuso nyingi zimefurahi, na sadaka za kawaida gawa utakavyo, hata nusu tende ni sadaka, ila zaka ni haki ya mtu iliyokaa kwako, na mwenye haki yake anastahili ifike ikiwa na nguvu ya kumfaa.

Kuhusu kuitoa zaka mji mmoja kuipeleka mwingine, swali hili linakuja kila mwaka. Mtume swalla Allahu alayhi wa sallam alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimwambia inachukuliwa kwa matajiri wao inarudishwa kwa mafukara wao, na kauli mashuhuri ya Shafii ni kwamba ibaki pale mali ilipo madamu wastahiki wapo. Wanazuoni wengine wameruhusu kuihamisha penye haja kubwa zaidi au kwa ndugu, wa madhehebu ya Hanafi kwa mfano wanasema hivyo. Maalim wetu anatuambia penye janga kama la Rufiji haja imeshakuwa kubwa, peleka, ila usimsahau jirani yako ambaye mwanaye amefukuzwa shule kwa michango. Sisi tumeamua sehemu inabaki Mbagala na sehemu inasafiri, na kila anayetoa anaambiwa mapema hela yake iko fungu lipi.

Na zaka sio sadaka, usichanganye mfuko mmoja. Daftari letu lina kurasa tofauti kwa sababu wanazuoni wengi wanataka zaka imilikiwe na mtu mkononi mwake, kwa hiyo kisima, darasa, zahanati, msikiti, hivyo havijengwi kwa zaka ila kwa sadaka na wakfu, yaani mali inayofungwa isiuzwe ila faida yake ndo itumike. Wapo wa zama zetu waliopanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu, siwabishii, ila mtu akinipa hela yake ya faradhi naipitisha pale ambapo hakuna shaka.

Sasa visima. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana kila mtu anataka kisima. Baba akifariki, kisima. Mama akipona, kisima. Na niya ni njema sana, sadaka yenye kuendelea imetajwa kwenye hadithi ya Muslim kuwa ni mojawapo ya matatu ambayo mtu akifa hayakatiki, pamoja na elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Lakini zungukia vijiji vya pwani kuanzia Mkuranga mpaka Kilwa utaona visima vina vibao vya marumaru, jina la marehemu na nchi ya mfadhili na dua, na mpini wa pampu umefungwa kamba. Nilisimama kwenye kimoja cha hivyo, fundi akafungua akachomoa fimbo zile moja moja mpaka ya chini kabisa, akanionyesha mpira wa pistoni, kakitu kanakotosha kwenye kiganja, kameliwa kote kamebaki kama uzi. Hicho tu. Maji yapo chini, safi, bomba zima, na wanawake wamerudi kuchota mtoni penye mamba kwa sababu ya mpira. Aliyejenga alipiga picha ya ufunguzi akaondoka, hakuna aliyefundishwa kubadilisha, hakuna mfuko wa vipuri, na kijiji kinadhani pampu ni mali ya mfadhili hivyo kinamsubiri arudi aitengeneze.

Tangu RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ianze 2019 utaratibu uko wazi, maji ya vijijini yanasimamiwa na vyombo vya watumia maji wenyewe, vina akaunti, vinachangisha kidogo kwa ndoo, vinatakiwa kuwa na fundi. Ukitaka kuchimba kisima anza hapo, nenda uulize wilayani, kaa na kamati ya kijiji, hakikisha humo kwenye kamati kuna wanawake wanaochota, halafu ndo uite gari la kuchimbia. Na mimi naongeza sharti moja ambalo nimekuwa nikilipigia kelele: hela ya kisima igawanywe, sehemu ichimbe na sehemu iwekwe wakfu wa matunzo yake. Kama haitoshi kwa vyote viwili basi usichimbe kipya, fufua kilichokufa. Najua kufufua hakuna kibao. Malaika wanaandika bila kibao.

Wakfu wenyewe sio jambo geni kwetu, tumelisahau tu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, shamba alilolipenda kuliko mali yake yote, akaenda kumuuliza Mtume afanye nini, akaelekezwa azuie asili yake na atoe matunda yake. Haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi, mavuno yanakwenda kwa mafukara, jamaa, wageni, na msimamizi wake anaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Ukiniuliza mimi, huo ndo mpango wa maendeleo mzuri kuliko mingi niliyowahi kuonyeshwa kwenye semina, una mtaji usioguswa, una walengwa waliotajwa, na una mshahara wa msimamizi uliowekewa mpaka. Na mababu zetu waliufanya. Unguja mjini kuna majumba ya mawe chungu nzima ni wakfu, na mashamba ya minazi na mikarafuu yaliyowekwa kwa ajili ya misikiti na madrasa, mpaka leo kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayoyashughulikia. Kariakoo pita chini ya misikiti uone fremu za maduka, kodi zake ndo zinalipa umeme na maji na imamu. Sasa kama fremu inaweza kulisha msikiti miaka na miaka, kwa nini isilishe zahanati, kwa nini isilipe ada za mayatima wa Rufiji mpaka wamalize chuo?

Wazee wetu walijua pia kuchangisha kwa mpango. Ile East African Muslim Welfare Society, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilianzia Mombasa 1945 kwa juhudi za Aga Khan Sultan Mohamed Shah, kiongozi wa Waismailia, na utaratibu ulikuwa kwamba Waislamu wakichanga, naye anaongeza kiasi kama hicho. Misikiti na shule zikajengwa Kenya, Uganda na Tanganyika, mpaka jumuiya ilipopigwa marufuku hapa kwetu 1968. Ninachokipenda pale ni kwamba hela ya mkubwa haikuja peke yake, ilikuja baada ya mwananchi wa kawaida kutia ya kwake, kwa hiyo shule ilikuwa na wenyewe.

Na kuna Dokta Abdulrahman Al-Sumait Allah amrehemu, Mkuwaiti, daktari bingwa kabisa ambaye angeweza kukaa hospitalini kwao akala maisha, akaanzisha 1981 taasisi ambayo leo inaitwa Direct Aid na akaumaliza umri wake akizunguka Afrika mpaka alipofariki 2013. Wengi wanamtaja kwa visima na mayatima. Mimi namtaja kwa Chukwani. Pale Unguja taasisi yake ilifungua chuo cha ualimu 1998, leo ni chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake, SUMAIT, na walimu waliosoma pale wako madarasani wanafundisha watoto wetu hesabu na kemia. Mwalimu mmoja anafundisha mamia, na katika hao anatoka daktari au fundi wa pampu. Hilo ndo jibu langu kwa wanaosema Waarabu wanatoa misikiti tu.

Jambo jingine linanikera nalisema kwa uchungu. Kuna taasisi moja, tulikutana nayo kwenye ugawaji, ilimtaka mjane ashike mfuko wa unga aangalie kamera, aseme jina lake, aseme asante nchi fulani, akakosea wakamrudisha arekodiwe tena, mtoto wake mkubwa wa kiume amesimama pale anaangalia chini. Aya ya 264 ya Baqara inasema wazi sadaka zinabatilika kwa masimango na maudhi, na kama yale sio maudhi sijui ni nini. Nafahamu mfadhili anataka uthibitisho, hela ya watu lazima ihesabiwe, lakini risiti zipo, orodha yenye sahihi ipo, picha ya mizigo stooni ipo, picha ya shamba limeota ipo. Sisi kwenye darsa letu sura ya mpokeaji haipigwi, na ripoti inasomwa mbele ya wote kila mwezi mpaka nauli ya bodaboda, mwenye shaka afungue daftari mwenyewe.

Pia tuache kuuliza dini ya aliyefukiwa na tope. Desemba 3, 2023 Mlima Hanang ulipoporomoka tope na magogo yakaufunika mji wa Katesh kule Manyara, wakafa watu zaidi ya 80, kule wengi wao sio Waislamu, na nilisikia baadhi wakinong'ona kwamba zetu tubaki nazo. Zaka ina watu wake sawa, lakini sadaka mlango wake mpana, Suratul Insani inasifu wanaolisha masikini na yatima na mateka, na mateka wa wakati ule hakuwa Muislamu. Tulichanga blanketi na sweta maana kule ni baridi, na dada mmoja Mkristo jirani yetu aliposikia akaleta na yeye akasema hizi ziwekeni kwenye gari lenu.

Haya, mpango wa mwaka huu ni huu. Michango ya janga tunaiweka akaunti yake, isiguswe kwa jambo lingine ili simu ikipigwa usiku fuso itoke asubuhi. Zaka itakwenda kwa nyumba chache tulizokwisha kuzitembelea, kila moja ipewe kilichokubaliwa, mbegu na majembe kwa wakulima wa mlau, nyavu, cherehani, deni la kijana wa pikipiki. Sadaka jaria, ile yenye kuendelea, haichimbi kisima kipya, inanunua vipuri na kulipia mafunzo ya mafundi wawili kijijini, na mmoja wao tumeomba awe mwanamke. Na wakfu tumeanza kudunduliza fremu moja, tena sio Kariakoo kwenye bei za kule, ni huku huku Mbagala, hati iandikwe wakfu toka siku ya kwanza na mwanasheria aangalie ili watoto wetu wasije kugombania.

Kuhesabu sasa, kwa waliouliza. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachokuwajibisha zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikikaa kwako mwaka mzima wa kiislamu unatoa asilimia 2.5, yaani kwenye kila milioni 10 ya mali iliyofika nisabu ni laki mbili na nusu. Mwenye duka anahesabu mzigo kwa bei ya siku hiyo, sio bei aliyonunulia. Dhahabu ya kuvaa, kauli yenye nguvu kwa Shafii haina zaka ikiwa ni ya kuvaa kweli kwa kiasi cha kawaida, Hanafi wanasema inayo, na ile uliyonunua uweke akiba hiyo itoe bila maneno. Zaka ya fitri ni jambo jingine, pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu mpaka tatu za chakula chenu cha kila siku, mtoto mchanga naye anatolewa, na iletwe mapema ifike kwa watu kabla ya swala ya Idi. Mchele wa fitri tutaupokea kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani, pale pale nyumbani kwa bi mkubwa panapofanyikia darsa, lete kwenye mfuko wako ulioandikwa idadi ya watu. Wenye maswali ya mirathi iliyokaa benki au hisa za Saccos waniandikie, nitayakusanya nimpelekee maalim yote pamoja Jumamosi.